Mululuza: kichaka kichungu nyuma ya tikiti tamu

Ukitoka katikati ya jiji la Jinja kuelekea kaskazini, mto Nile ukiwa mkono wako wa kushoto, utafika Kimaka. Wengi wanapajua kwa uwanja wake mdogo wa ndege na chuo cha maofisa wa jeshi. Mfanyabiashara anayewahi Busia au Malaba hana sababu ya kusimama pale. Mimi nilisimama kwa sababu ya kelele.

Ilikuwa Januari, jua kali, nyasi za kando ya barabara zimegeuka rangi ya mkeka wa zamani. Kati ya viwanja viwili palikuwa na safu ya vichaka vilivyonizidi kimo, majani yake ya kijani kizito, na kwenye ncha ya kila tawi vishada vya maua meupe, madogo madogo, kama povu la sabuni. Safu nzima ilikuwa inavuma. Nyuki walijaa mpaka niliwasikia kabla sijawaona.

Mwenye kiwanja, mzee aliyezungumza Kiswahili kile kilichonyooka cha watu waliowahi kuvaa sare, alitoka kuniuliza kama nimepoteza kitu.

"Hapana, mzee. Natazama nyuki. Huu si mululuza?"

"Ndiyo huo. Kwani kwenu haupo?"

Upo sana. Waganda na Wasoga huuita mululuza. Kwetu ng'ambo ya mpaka, Waluhya huuita omululusia na Waluo olusia. Ukifika Rwanda na Burundi utausikia ukiitwa umubirizi. Tanzania wauza dawa za miti shamba huuita mtukutu, na Ethiopia jina lake ni grawa. Wataalamu wa mimea waliuandika Vernonia amygdalina, kwa sababu jani lake linafanana na la mlozi. Siku hizi wameuhamishia jina la Gymnanthemum, lakini vitabu vingi bado vinatumia lile la kwanza. Ni mmea wa Afrika hii hii ya kitropiki, haukuletwa na meli ya mtu.

Nusu ya wasomaji wa gazeti hili wanaujua kwa ulimi. Walishikwa pua wakiwa watoto, wakanyweshwa maji ya majani yake wakiwa na homa. Uchungu wake hausahauliki. Nami niseme mapema: makala hii haihusu dawa. Mwenye homa aende akapimwe malaria. Ninachotaka kuzungumzia ni maua, na jinsi maua yale meupe yanavyoingia kwenye mzigo unaouvusha mpakani bila wewe kujua.

Tikiti lenye shingo

Nianze na hasara yangu mwenyewe. Kabla sijashika kalamu nilijaribu biashara ya matikiti maji. Nilinunua shamba zima kwa macho, huko Busoga, kama wengi tunavyofanya: unatembea, unapiga hesabu, unalipa, unaita lori. Shamba lile lilikuwa kisiwa katikati ya bahari ya miwa. Majani ya mitikiti yalipendeza, mbolea ilikuwa imetiwa, maji hayakukosekana. Tulipoanza kuvuna ndipo nilipoona. Matikiti mengi yalikuwa na shingo: upande mmoja mnene, upande wa pili umesinyaa kama kibuyu. Mengine yalibaki ukubwa wa ngumi. Wanunuzi wanapanga mali kwa ukubwa na umbo, na tikiti lenye shingo haliingii daraja la kwanza hata likiwa tamu kama sukari guru. Nilirudi nyumbani na deni la lori. Nikamlaumu mkulima, mkulima akailaumu mbegu.

Wote wawili tulikosea, na ilinichukua miaka kujua kosa lilikuwa wapi.

Mtikiti hutoa maua ya aina mbili kwenye mmea mmoja: maua ya kiume yenye chavua, yaani ule unga wa manjano, na maua ya kike ambayo chini yake unaona kitikiti kidogo tayari. Chavua ya mtikiti ni nzito na inanata. Upepo hauwezi kuibeba. Lazima mdudu aitoe kwenye ua la kiume aipeleke kwenye ua la kike, na katika mashamba yetu mdudu huyo mara nyingi ni nyuki wa asali. Ua la kike hufunguka asubuhi ya siku moja tu. Ikifika alasiri limeanza kufunga, na halifunguki tena. Katika saa hizo chache linahitaji kutembelewa na nyuki mara nyingi. Mara moja haitoshi. Likipata chavua haba, mbegu huumbika upande mmoja, na nyama ya tunda hukua kufuata mbegu. Hapo ndipo shingo inapotoka. Lisipopata kitu, kitikiti hugeuka njano na kuanguka, nawe unadhani ni ugonjwa.

Maboga na matango ni jamaa wa tikiti na yana tabia hiyo hiyo. Pasheni lina hadithi yake: lile la manjano haliwezi kujichavusha lenyewe hata kidogo, na ua lake ni kubwa mno kwa nyuki wa asali. Linamhitaji yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mashimo kwenye mbao za paa, ambaye wenye nyumba wanamfukuza kwa moshi. Ukiona mkulima wa pasheni anachoma magogo makavu yote ya shambani, ujue anachoma nyumba za vibarua wake.

Sasa rudi kwenye lile shamba langu. Mua ni jamii ya nyasi. Hauhitaji nyuki na hauna asali ya maua ya kuwapa, na kwa kawaida hukatwa kabla ya kuchanua. Sitaki ugomvi na miwa. Tangu kiwanda cha Kakira kilipoanza mwaka 1930 miwa imesomesha watoto wengi wa upande huu, na lori za miwa ndizo zinazolipa karo hata leo. Lakini watu walipopanda miwa hadi mwisho wa kiwanja, waling'oa mipaka ya zamani. Vichaka vilivyokuwa vinatenganisha shamba la fulani na fulani viliondoka, na kimojawapo, mara nyingi kile kilichokuwa kirefu kuliko vyote, kilikuwa mululuza. Badala yake sasa kuna jiwe la mpimaji au waya.

Njaa ya nyuki

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mashariki mwa Uganda na Magharibi mwa Kenya tuna misimu miwili ya mvua. Mazao mengi huchanua mvua ikiwa bado ipo au imetoka tu kuisha: maharagwe, mahindi, alizeti, maboga. Ikifika Desemba hadi Februari shamba limekauka. Mkulima ana ghala lake, nyuki naye ana asali yake ndani ya mzinga kama hujamwibia yote. Asipokuwa nayo, na maua hayapo, nyuki wetu wa Kiafrika hafanyi kama nyuki wa Ulaya anayesubiri ndani akilishwa maji ya sukari. Yeye anahama. Kundi zima linaondoka siku moja na mzinga unabaki mtupu. Mvua ikirudi, matikiti yanachanua, na hakuna mtu wa kuyahudumia.

Mululuza huchanua hasa katika kipindi hicho cha ukame. Mizizi yake huenda chini, kwa hiyo wakati nyasi zimekuwa makuti wenyewe umetoa maua mamia kwenye kila kishada, yenye harufu tamu inayozidi jioni. Yanatoa asali ya maua na chavua pia, na nyuki anahitaji vyote viwili: asali ni nguvu ya mwili, chavua ni chakula cha watoto. Safu ya mululuza inayochanua Januari ndiyo inayofanya kundi la nyuki liwe bado lipo, na liwe na vibarua wa kutosha, maua ya msimu mpya yanapofunguka. Ukiipima biashara yako kwa matikiti ya Juni, mzigo wako ulianza kujazwa Januari kwenye mpaka wa shamba la mtu.

Tena nyuki haheshimu mpaka wa kiwanja. Kwa kawaida hutafuta chakula ndani ya kilomita moja hadi tatu kutoka kwenye mzinga, na akikosa huenda mbali zaidi. Yule mzee wa Kimaka hana mzinga hata mmoja. Nyuki waliokuwa kwenye maua yake ni wa watu wengine, au ni wa porini, na hakuna anayemlipa. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema hata yeye hakupanda kwa ajili ya nyuki. Alitaka ng'ombe wa jirani wasiingie kwenye mihogo.

Ethiopia, nchi inayoongoza Afrika kwa kuzalisha asali, inauhesabu grawa miongoni mwa mimea mikuu ya ufugaji nyuki, na wafugaji wanajua msimu wake kama sisi tunavyojua msimu wa maembe. Cameroon na Nigeria hawaujui kwa nyuki sana, wao wanaula. Huosha majani na kuyakamua mara kadhaa mpaka uchungu upungue, kisha hupika mchuzi. Mwaka 1987, katika milima ya Mahale kando ya Ziwa Tanganyika, mtafiti Michael Huffman na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde, mtumishi wa hifadhi aliyejua pia tiba za Watongwe, walimwona sokwe jike mgonjwa akivunja tawi la mmea huu, akimenya ganda na kunyonya kiini chake kichungu. Seifu ndiye aliyemweleza mgeni kwamba kwao ile ni dawa. Nakitaja kisa hiki kwa sababu kila ninapoeleza habari za mululuza sokoni, kuna mtu atauliza kama ni kweli hata sokwe wanautumia. Ni kweli. Sasa turudi kwenye nyuki.

Si kila ua la nyuki ni la kwetu

Ukiuliza watu kati ya Jinja na Mbale wakuonyeshe ua linalopendwa na nyuki, wengi watakuonyesha mawili ambayo si ya hapa. La kwanza ni lantana, kile kichaka chenye miiba na vimaua vya rangi mchanganyiko. Kilitoka Amerika ya kitropiki, kinaenea malishoni bila kupandwa, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Usikipande. La pili ni yale maua makubwa ya manjano yanayofanana na alizeti, yaliyojaa kando ya barabara za Bugisu na za Magharibi mwa Kenya. Yanaitwa Tithonia, na kwao ni Mexico na Amerika ya Kati. Majani yake ni mbolea nzuri ukiyafukia, hilo silikatai, lakini yanasambaa mno, na anayeyapanda anampandia na jirani.

Kuna pia kaliandra, yenye maua mekundu kama brashi, nayo ni ya Amerika ya Kati. Hiyo ina faida ya wazi: ng'ombe wa maziwa huila na nyuki huipenda. Mwenye ng'ombe aipande ndani ya shamba. Lakini kwa mpaka, mahali ambapo hutaki kutia pesa wala maji wala kurudi kila wiki, kwa maoni yangu hakuna kinachoshinda mululuza. Hauna haja ya kitalu na hauombi mbolea. Mbuzi wataula, lakini ukishashika haufi kwa kuliwa.

Kuupanda ni hivi. Subiri mvua zianze, za Machi au za Agosti. Kata vijiti kutoka kwenye tawi lililokomaa, rangi ya kahawia, unene wa kidole gumba, urefu wa kama futi moja. Tawi bichi la kijani huoza. Kata upande wa chini kwa mshazari ili usije ukasahau chini ni wapi, maana kijiti kilichopandwa kichwa chini hakitakusamehe. Chomeka theluthi mbili ardhini. Wengine huchomeka wima. Wakulima wengi hulaza kijiti kidogo, nusu ya kusimama na nusu ya kulala, kwa kuwa hivyo huchipua upesi. Ukitaka ua wa kuzuia ng'ombe, acha hatua moja kati ya kijiti na kijiti. Ukitaka maua tu, acha hatua mbili au tatu, vichaka vipanuke. Mbegu pia zipo, nyepesi, zenye manyoya ya kurushwa na upepo, lakini kijiti kinakuokolea mwaka.

Palilia miezi ya kwanza tu. Baada ya hapo kazi yako ni panga, na hapa ndipo watu wanapoharibu. Mululuza ukiachwa unaweza kuwa mti wa mita kadhaa na kutia kivuli kwenye mihogo, kwa hiyo lazima upunguzwe. Lakini maua hutoka kwenye ncha za matawi. Anayekata ua wake Novemba au Desemba ili boma lipendeze kwa Krismasi amekata maua yote ya Januari. Kata baada ya maua kukauka, kabla mbegu hazijapeperuka, la sivyo utaukuta umeota hadi kwenye shamba la jirani asiyeuhitaji. Matawi yaliyokatwa usiyatupe. Yale manene hufaa kwa nguzo za ua, kwani mchwa hawayapendi.

Na dawa za wadudu. Mtu anaweza kupanda mululuza pande zote nne za shamba, kisha akapuliza dawa saa tatu asubuhi matikiti yakiwa yamefunguka, akawaua wote aliowaalika. Kama ni lazima kupuliza, iwe jioni jua likishuka, maua yakiwa yamefunga na nyuki wamerudi.

Upande wa mlima

Kutoka Jinja unapita Iganga, unashika barabara ya Tirinyi, unavuka bonde la Mpologoma lenye mpunga, na Mlima Elgon unaanza kujitokeza mbele kabla hujafika Mbale. Huku mzigo unabadilika. Matikiti yanaisha, kahawa inaanza. Kahawa ya Bugisu ni arabika, na arabika inaweza kujichavusha yenyewe. Mfanyabiashara wa kahawa atauliza basi nyuki wanamhusu nini.

Wanamhusu kwenye mizani. Utafiti uliofanywa kwenye mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2014 ulipima maua yaliyofungwa wadudu wasiyafikie na yale yaliyoachwa wazi. Matunda ya maua yaliyofikiwa na nyuki yalikuwa na uzito zaidi kwa kama asilimia 7. Si nyingi ukishika kikombe kimoja. Ukishika magunia mia moja, ni magunia saba ambayo hukuyapalilia. Kwa robusta, ile ya Busoga na Buganda, jambo ni kubwa zaidi, kwa sababu robusta haiwezi kujichavusha. Lazima chavua itoke mti mwingine, kwa upepo au kwa mdudu.

Mlima wenyewe una nyuki wake wa juu, weusi zaidi na wapole kuliko wale wa bondeni. Mwishoni mwa miaka ya 1980 wafugaji nyuki kutoka Uswidi walikuja Elgon, upande wa Kenya, kutafuta mbegu ya nyuki hao, wakawachanganya na wa kwao. Leo kuna nyuki huko Ulaya anayeitwa kwa jina la mlima wetu. Sisi wenyewe tunamjua nyuki huyo kwa kumkimbia.

Neno moja la tahadhari kuhusu Bugisu. Tangu maporomoko ya Bududa ya Machi 2010, watu wa milimani wameambiwa habari za kila mti kuwa ndio utakaoshika ardhi. Mimi sitausifu mululuza kwa kazi hiyo. Ni kichaka cha mpakani. Mteremko mkali unataka mengine.

Mfanyabiashara anaingia wapi

Utasema wewe si mkulima. Ni sawa, lakini wengi wetu tunatanguliza pesa: unampa mkulima ya mbegu na dawa ili mavuno yawe yako. Anayetanguliza pesa ana haki ya kutazama zaidi ya majani. Nenda shambani maua yakiwa yamefunguka, kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, usiende mchana. Simama mahali pamoja, tulia, tazama maua ya kike. Kama robo saa inapita na nyuki hawaonekani, usilipie shamba zima. Kisha tazama mpaka wa shamba. Kama ni waya na miwa tu, muulize mkulima jirani mwenye mizinga yuko wapi. Kama ningejua kufanya hivyo, nisingelidaiwa lile lori.

Kwa wanaouza asali, hesabu ni ya moja kwa moja. Soko la Kenya linakula asali kuliko inayotoka Kenya, na ndoo za Uganda na Tanzania zinavuka kila wiki. Kinachorudisha ndoo mara nyingi ni maji. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka maji yasizidi asilimia 20 ndani ya asali, na asali iliyovunwa kabla nyuki hawajaziba masega kwa nta huwa imezidi hapo. Itachacha ikiwa njiani. Mfugaji ambaye nyuki wake wana mululuza wakati wa ukame hana haraka ya kukamua masega mabichi. Mwambie asubiri yazibwe, na ukinunua omba kuyaona.

Mpakani kwenyewe, tangu kituo cha pamoja cha Busia kilipozinduliwa Februari 2018, karatasi zinakaguliwa upande mmoja. Bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zisizozidi thamani ya dola 2,000 na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, hupita kwa cheti rahisi cha uasilia bila ushuru wa forodha. Orodha hiyo iombe uisome mwenyewe. Cheti hicho hakifuti ukaguzi wa afya ya mimea. Hili nalisema kwa sababu nawajua wenzangu: ukishasoma haya utataka kufunga vijiti vya mululuza ndani ya gunia na kuvuka navyo. Usifanye hivyo. Kijiti kinachoota ni mmea hai, na mmea hai unahitaji kibali cha nchi unakoupeleka na cheti cha wakaguzi wa nchi unakoutoa, hata kama ni kijiti cha shilingi sifuri. Na hakuna haja. Upande ule upo tayari, nyuma ya nyumba ya shangazi yako, kwa jina lingine.

Mzee wa Kimaka alitaka kunikatia mzigo mzima siku ile. Nilimshukuru, nikakataa, nikamweleza sababu. Alishangaa kwamba mtu anaweza kukamatwa kwa ajili ya mululuza. Mvua za mwaka ule zilipoanza nilikwenda kwa jirani yangu, Busia upande wa Kenya, nikakata vijiti kumi nikavichomeka kwenye mpaka wa nyuma. Saba vilishika. Vitatu nilivikata kwenye tawi bichi, kosa langu. Januari ya pili vilichanua, nikampigia picha mzee nikamtumia kwenye simu.

Alinijibu kwa ujumbe wa sauti. Aliuliza watoto hawajambo, akasema nyuki wangu bado ni wachache, na nisiguse panga mpaka Machi.